Usumbufu wa namba za siri benki: tusiombe uondolewe, tudai urekebishwe



Minada ya ufuta, mbaazi na korosho ikimalizika na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti, malalamiko ninayoyasikia zaidi kwenye vyama vya msingi hayahusu wadudu wala viuatilifu. Yanahusu simu. Hela imeshaingia benki, lakini kuifikia ni kazi. Unapiga namba ya huduma, unaweka namba ya siri, unaambiwa usubiri namba ya uthibitisho itakayokuja kwa meseji. Meseji haiji. Unasogea hadi pale kwenye mwembe ambapo mtandao unashika, meseji inaingia, unaiandika, unajibiwa kuwa muda wake umekwisha. Unaomba nyingine. Ukikosea mara chache huduma inafungwa, na hapo ni bodaboda, kisha basi, hadi tawi la benki mjini ukathibitishe kwamba wewe ni wewe.

Mkulima aliyepita njia hiyo mara mbili anauliza swali la haki kabisa: "Hela ni yangu, akaunti ni yangu, hizi hatua zote za nini?"

Leo nalijibu swali hilo kwa maoni yangu. Hatua zile zina kazi na sitaki ziondolewe. Lakini jinsi zilivyowekwa hazikumfikiria mtu wa kijijini, na kwa sababu hiyo tumejitafutia njia za mkato ambazo ni hatari kuliko kukosa ulinzi kabisa. Kwa hiyo kuna kazi mbili. Moja ni ya benki na kampuni za simu. Ya pili ni yetu.

Usumbufu una gharama, tusiudharau

Wapo watu wa mjini wanaosema mkulima analalamika kwa sababu hajasoma. Si kweli. Tupige hesabu pamoja. Safari ya kwenda tawini kufungua huduma iliyofungwa ni nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani na siku nzima ya shamba. Kama ni wakati wa palizi, siku hiyo moja unaiona kwenye mavuno.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote. Mkulima aliyechoshwa na benki anaanza kumsikiliza mnunuzi wa kangomba. Yule anakuja nyumbani usiku, hana fomu, hana namba ya siri, anatoa noti mkononi. Bei yake iko chini ya mnada na kipimo chake unakijua. Lakini anauza kitu ambacho benki imeshindwa kukitoa, yaani urahisi. Tukijiuliza kwa nini kangomba haiishi pamoja na kupigwa marufuku, sehemu ya jibu iko hapa.

Ongeza na mambo haya. Meseji nyingi za benki zinakuja kwa Kiingereza, na ule mstari muhimu wa kukuonya usimpe mtu namba hiyo nao uko kwa Kiingereza. Nyumba nyingi zina simu moja inayotumiwa na baba, mama na watoto. Alama za vidole nazo hazisomeki kwa wazee walioshika jembe miaka arobaini. Waliohangaika na mashine wakati usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019 wanakumbuka walivyofutafuta vidole kwenye kanga hadi wakakata tamaa.

Kwa hiyo anayelalamika ana sababu. Tatizo ni dawa anayoitaka.

Tazama sanduku la kikundi

Wengi wenu mko kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA au vya hisa. Mnajua sanduku lilivyo. Lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Mmoja wa wenye funguo akienda msibani, sanduku halifunguki, hata kama kuna mwanachama anayetaka mkopo wa kumpeleka mtoto hospitali. Huo ni usumbufu mkubwa. Hata hivyo sijawahi kusikia kikao kilichopendekeza kufuli ziwe moja. Kila mtu anaelewa kwamba kufuli moja ingemweka mtunza sanduku kwenye majaribu, na mwizi angehitaji kumvizia mtu mmoja tu.

Akaunti yako ya benki kwenye simu imejengwa kwa akili hiyohiyo. Ufunguo wa kwanza ni kitu unachokijua peke yako, yaani namba ya siri. Ufunguo wa pili ni kitu ulicho nacho mkononi, yaani laini yako ya simu, na ndiyo maana benki inatuma meseji kwenye laini hiyo. Ufunguo wa tatu, pale unapotumika, ni mwili wako, yaani alama ya kidole au sura. Mtu akiiba simu hana namba ya siri. Mtu akiichungulia namba ya siri dukani kwa wakala hana laini. Kila ufunguo peke yake haufungui kitu.

Sasa fikiria mwenyekiti akikusanya funguo zote tatu akazifunga kwenye kamba moja shingoni mwake ili "kurahisisha". Kufuli bado zipo, usumbufu bado upo, lakini ulinzi umekwisha. Hivyo ndivyo tunavyofanya na simu zetu.

Njia za mkato tulizojizoesha

Ya kwanza ni kuandika namba ya siri kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kava la simu, au kuihifadhi kwenye majina ya simu kwa kuiita "BENKI". Funguo zote ziko kwenye kamba moja. Anayeokota simu ameokota na sanduku.

Ya pili ni kumwambia wakala, "Nitolee wewe, namba yangu ni fulani." Unaisema kwa sauti, na nyuma yako wamepanga foleni watu sita. Wakala mwaminifu anageuza uso na kukupa simu uandike mwenyewe. Anayekuomba umtajie, hata kama ni shemeji yako, anavunja utaratibu wa kazi yake.

Ya tatu ni kumkabidhi kijana wa nyumbani kila kitu kwa sababu yeye "anaijua simu". Sisemi vijana ni wezi. Nasema unamweka mtoto wako mahali ambapo siku hela ikipungua, hata kwa makato ya benki ambayo hakuna aliyeyaelewa, yeye ndiye mshukiwa wa kwanza. Nimeshuhudia kikao cha ukoo cha siku mbili juu ya jambo la namna hiyo. Undugu uliovunjika pale haukurudi hata baada ya benki kutoa taarifa ya akaunti.

Ya nne ni mbaya kuliko zote na inafanyika waziwazi: kuacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri dukani kama dhamana ya mkopo wa unga, dawa au ada ya shule. Malipo ya korosho yakiingia, mwenye duka anakwenda mashineni mwenyewe, anachukua chake, na kinachobaki unaamini maneno yake. Ndugu mfanyabiashara, naomba hapa tuelewane. Unaona umejihakikishia deni lako, lakini umebeba hatari ya mtu mwingine. Ikitoweka hata shilingi moja kwenye akaunti ile, wewe ndiye uliyekuwa na kadi na namba, na polisi wataanza na wewe. Andikishaneni deni kwa maandishi, mbele ya shahidi au mtendaji wa kijiji, mweke na tarehe ya kulipa. Kadi mrudishie mwenyewe.

Mwizi anaitaka namba ile, na anakuomba wewe

Kuna jambo ambalo nikilieleza kwenye mikutano watu hunyamaza, kwa hiyo nalirudia hapa.

Tapeli wa siku hizi anaweza kuwa ameshapata jina lako, namba yako ya simu, hata namba ya akaunti. Hivyo si vitu vya siri, viko kwenye madaftari na karatasi nyingi. Anachukua simu yake na kujaribu kuiunganisha akaunti yako nayo. Mfumo wa benki unamzuia na kusema, "Subiri, namtumia mwenye laini namba ya uthibitisho." Meseji inakuja kwako. Yeye hana namna ya kuiona. Hapo ndipo anapokupigia kwa sauti ya upole: "Mzee shikamoo, naongea kutoka huduma kwa wateja, tunahakiki akaunti za wakulima ili malipo ya awamu ya pili yaingie. Nisomee hiyo namba iliyoingia sasa hivi."

Ukiisoma, umemfungulia mlango kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo meseji ya namba ya uthibitisho ikiingia wakati wewe hukuiomba, usiione kama kero. Ni taarifa kwamba kuna mtu amesimama mlangoni kwako sasa hivi na amekwama kwenye kufuli ya mwisho. Usimpe mtu yeyote. Kata simu. Kisha piga namba 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, au namba ya benki iliyoandikwa nyuma ya kadi, uwaambie kinachoendelea. Usiipigie namba aliyokupa yeye.

Ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" sote tunaijua. Wengi tunaicheka, lakini siku ikikukuta umemwahidi mtu hela kweli, hutaicheka. Kabla ya kutuma, mpigie unayemdaiwa kwa namba yake ya siku zote. Na pale simu inapokuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, lisome. Hiyo nayo ni hatua ya ulinzi, na wengi tunabonyeza haraka bila kuitazama.

Kwa wanaonunua na kuuza mazao

Mfanyabiashara wa gulio, kufuli yako ni salio. Mnunuzi amekuja na gari, gunia ishirini za mbaazi zimepakiwa, anakuonyesha kwenye simu yake kuwa hela imeshatumwa. Muda mfupi baadaye kwako inaingia meseji inayofanana kabisa na ya kampuni ya simu. Meseji mtu yeyote anaweza kuiandika. Tazama imetoka wapi: imekuja kwa jina la huduma ileile unayoizoea siku zote, au kwa namba ya kawaida ya simu? Hata ukiridhika, usiruhusu gari liondoke kabla hujaangalia salio lako mwenyewe, kwa namba yako ya siri. Dereva atakuharakisha, atasema mvua inakuja. Mwambie asubiri. Mnunuzi wa kweli atasubiri dakika tano, maana naye kesho anataka kununua kwako tena.

Mambo ya kudai benki

Sasa nageukia wenye mifumo. Mkutano mkuu wa chama cha msingi ukifika, maofisa wa benki huja kutafuta wateja na kugawa kofia na kalenda. Siku hiyo msiwaulize riba ya mkopo peke yake. Waulizeni na haya:

Kwanza, meseji ya uthibitisho ije kwa Kiswahili, na ieleze kazi yake: "Namba hii ni ya kuhamisha kiasi fulani kwenda kwa fulani. Kama si wewe, usimpe mtu." Namba tupu bila maelezo haimsaidii mzee kujua kama yuko salama au anaibiwa.

Pili, muda wa namba kufanya kazi uendane na mtandao wa vijijini. Dakika chache zinamtosha aliye mjini, hazimtoshi anayetembea kutafuta mtandao.

Tatu, huduma ikifungwa kwa kukosea namba, iwezekane kufunguliwa karibu na kijiji kwa utaratibu salama, kwa mfano ofisa wa benki kuwa na siku yake maalum kwenye ofisi ya chama wakati wa msimu wa malipo. Wanakuja kufungua akaunti, waje na kufungua zilizofungwa.

Nne, hatua ziendane na kiasi. Kununua sabuni na kuhamisha malipo ya msimu mzima si jambo moja. Muamala mdogo uwe mwepesi, mkubwa uwe mgumu. Watu wataheshimu ugumu wakiona unakuja mahali panapostahili.

Tano, ambaye vidole vyake havisomeki awe na njia nyingine inayojulikana, asiachwe amesimama dirishani kama mshukiwa.

Haya si maombi ya upendeleo. Benki inapata faida kwa sababu mazao yetu yanapita kwake.

Ya kufanya wewe mwenyewe

Wakati tunasubiri benki zijirekebishe, kuna mambo yaliyo mikononi mwako.

Hakikisha laini yako iko kwa jina lako. Wakati wa usajili wapo waliotumia kitambulisho cha NIDA cha mtoto au jirani kwa sababu chao kilichelewa. Maana yake ufunguo wa pili wa akaunti yako una jina la mtu mwingine, na siku simu ikipotea ni yeye anayetambuliwa kuwa mwenye laini. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama yako haimo, nenda kasajili upya. Kama imo ambayo huijui, itolee taarifa.

Tenganisha hela ya siku na hela ya msimu. Kwenye simu weka ya matumizi madogo, ambayo hata ikiibiwa hutalala njaa. Malipo ya mazao yaache benki, uyatoe kwa mpango: pembejeo, ada, chakula. Ukipunguza idadi ya miamala mikubwa, umepunguza na usumbufu.

Kama huoni vizuri au hujui kusoma, bado unaweza kubonyeza namba yako mwenyewe. Kwenye simu ya kitochi, kitufe cha 5 kina kinundu kidogo ukikipapasa. Kutoka hapo, 2 iko juu yake, 8 iko chini, 4 kushoto, 6 kulia. Wazee wakijizoesha jioni mbili tatu, kidole kinaikumbuka njia chenyewe. Msaidizi akusomee meseji, akushikie tochi, akutajie kiasi kilichoandikwa. Namba ya siri ubonyeze wewe. Kwa namna hiyo funguo zinabaki kwa watu wawili, kama kwenye kikundi.

Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa wala 1234. Mwaka wako uko kwenye kitambulisho, na kitambulisho unakionyesha kila mahali.

Simu yako ikikosa mtandao ghafla kwa muda mrefu wakati majirani wa mtandao huohuo wanao, usikae ukidhani ni mnara. Inawezekana mtu ameomba laini yako upya kwa udanganyifu na sasa meseji zako zinaingia kwake. Azima simu, piga huduma kwa wateja siku hiyohiyo.

Na ukishatapeliwa, usione aibu ukakaa kimya. Saa ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kuokoa chochote. Piga 100, piga na benki, waombe wazuie muamala na akaunti. Ile meseji ya tapeli ipeleke kwenye 15040, kisha nenda kituo cha polisi ukaandikishe. Utapeli wa mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini sheria haiwezi kumfuata mtu ambaye hakuna aliyemtolea taarifa.

Ndugu zangu, hela ya msimu ni jasho la miezi mingi. Kupulizia, kupalilia, kuokota, kuanika, kusubiri mnada, kusubiri malipo. Baada ya kazi yote hiyo, dakika kumi za namba na meseji zinaudhi, nakubali. Mkiwa kwenye mkutano na maofisa wa benki, wabaneni waziboreshe. Mkiwa peke yenu na simu mkononi, zipiteni zote bila kuruka hata moja, na funguo msimpe mtu.

Wiki ijayo tunarudi shambani: jinsi ya kupima unyevu wa mbaazi kabla ya kufunga magunia. Kazi njema.